Baiskeli ya mkono: maswali yenu

Nimesukuma kiti cha magurudumu miaka mingi na mabega yananiuma usiku. Rafiki ananihimiza ninunue baiskeli ya mkono, ile inayoendeshwa kwa pedeli za mikono. Si nitayamaliza kabisa? (Umoja)

Huenda ukayapumzisha. Anayesukuma ringi, ule mduara wa kushika ulio ubavuni mwa gurudumu la kiti, huishika kwa kipande kidogo tu cha mzunguko, kisha huachia na kurudisha mkono nyuma. Nguvu yote hutoka katika muda huo mfupi, na bega na kifundo cha mkono ndivyo vinavyoumia. Kwenye baiskeli mikono haibanduki kwenye pedeli: kifua kinasukuma, mgongo unavuta, kazi inagawanywa mzunguko mzima. Tena kuna gia. Kwa ringi, nishati inayogeuka kuwa mwendo ni nadra kuzidi asilimia 10 hivi. Baiskeli ya mkono huweza kufika 15. Hata hivyo, bega linalouma tayari lionwe kwanza na mtaalamu wa fiziotherapia.

Fundi wangu anataka kupishanisha pedeli za mikono kama zile za miguu. Nimruhusu? (Kariobangi)

Usimruhusu. Kwenye baiskeli nyingi za aina hii, mikono inayoendesha ndiyo hiyo hiyo inayokata kona. Pedeli zikipishana, kila msukumo wa mkono mmoja hupinda usukani, nawe unapoteza nguvu kuunyoosha. Zikienda pamoja, mwili hutumia oksijeni kidogo zaidi kwa kasi ile ile. Fundi mpe kazi nyingine: asogeze kiti mpaka viwiko vibaki vimekunjika kidogo pedeli zikifika mbali kabisa, na ekseli ya pedeli ikae chini ya usawa wa mabega.

Niliumia shingo katika ajali ya barabarani. Saa yangu haijawahi kuonyesha mapigo zaidi ya 120, hata nikichoka hoi. Kocha anasema mimi ni mvivu. (Kasarani)

Kocha akutake radhi. Neva zinazouharakisha moyo hutoka kwenye uti wa mgongo, sehemu ya juu ya kifua. Jeraha kamili la shingo huzitenga na ubongo, kwa hiyo wengi walioumia hivyo hukomea kati ya mapigo 110 na 130. Ile hesabu ya kukadiria kilele cha mapigo, 220 kutoa umri, haikuhusu. Jipime kwa maneno: ukiweza bado kusema sentensi nzima, mwendo ni wa wastani, ukibaki na neno moja moja, umekaza.

Jasho nalo halitoki chini ya jeraha, au hutoka kidogo sana, hivyo joto hukusanyika mwilini. Beba maji ya kunywa na mengine ya kujinyunyizia usoni na shingoni, hata siku ambayo wenzako wamevaa sweta.

Kubwa zaidi ni hili, na linamhusu kila aliyeumia kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu. Kichwa kikianza kugonga ghafla, uso ukawaka na jasho likatoka juu ya jeraha, presha imepanda kwa hatari. Simamisha baiskeli, inuka ukae wima, legeza mikanda, angalia kama mpira wa mkojo umejikunja au mfuko umejaa. Isipotulia upesi, ni hospitali, tena kwa dharura. Wapo wanariadha wanaojiletea hali hii makusudi ili wapate kasi. Kamati ya Kimataifa ya Paralimpiki, inayosimamia michezo ya watu wenye ulemavu, imepiga marufuku, na mimi naiunga mkono bila kusita.

Nimehamia Nairobi kutoka Mombasa. Mbona nahema hivi? (South B)

Uko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na msukumo wa oksijeni ni pungufu kwa karibu moja ya tano. Misuli ya mikono ni midogo kuliko ya miguu, huchoka mapema. Punguza gia kwa wiki chache.

Nimekatwa miguu yote miwili juu ya magoti, kiuno kiko imara. Nafaa kundi gani la mashindano? (Kikuyu)

Makundi ya baiskeli ya mkono ni H1 (ulemavu mkubwa zaidi) hadi H5, na wapimaji ndio huamua. H1 hadi H4 huendesha wakiwa wamelala chali. H5 hupiga magoti na kurusha kiwiliwili mbele, hivyo tumbo na mgongo huongeza nguvu. Mwitaliano Alex Zanardi, aliyekatwa kama wewe, alishinda dhahabu kwa baiskeli ya mkono katika Paralimpiki za London 2012 na Rio 2016. Kabla ya kulipia baiskeli ya kupiga magoti, ijaribu nusu saa kisha ukague ngozi ya visiki: wekundu usiofifia maana yake mto haufai.