Gari la kilomita chache: ninunue?

Swali: Anko, niko Njiro hapa Arusha, nimepata Mazda MX-5 ya 1996, kilomita 48,000 tu, mwenyewe anasema muda mwingi ilikuwa imelala gereji. Nichukue?

Jibu: Mdogo wangu, hapo kwenye "imelala" ndo pananitia wasiwasi, maana gari likikaa sana mipira inakauka, na taimingi belti (mkanda wa ndani unaoendesha vali) ya hiyo injini ni mpira, inazeeka kwa miaka pia, kwa hiyo kama hana risiti we jua unaibadilisha. Tairi usidanganywe na kashata (yale meno yake), soma namba nne ubavuni, 2309 ni wiki ya 23 ya 2009, hizo tupa. Ikiwa raba ya pedeli ya klachi imelika, 48,000 ni hadithi tu. Halafu lala chini, piga piga bodi nyuma ya mlango, njia za maji za turubai (lile paa la kukunja) zikiziba kutu inakula hapohapo kimyakimya (mi nilishadanganywa hivyohivyo). Liwashe likiwa baridi, shuka nalo Usa River urudi, ukipanda mjini jicho kwenye geji ya joto. Akikataa utoke nalo, muage.