Gari linachemsha: maji yanakwenda wapi?

Msimu wa korosho ukianza, maswali ya magari yanayochemsha huongezeka. Mzigo ni mkubwa, milima ni ile ile. Nimeyafupisha, na salamu zote nimezipokea.

Fundi, shikamoo. Noah yangu inapiga Masasi–Newala. Kila asubuhi naongeza maji kama lita moja kwenye rejeta, lakini chini ya gari hakuna hata tone. Naambiwa ni kawaida ya gari ya zamani. – Dereva, Masasi

Marahaba. Hapana, si kawaida. Mfumo wa maji wa gari umefungwa, na ukiwa mzima unaweza kukaa miezi bila kuongezwa hata kikombe. Lita yako ya kila siku ama inatoka nje ama inaingia ndani ya injini. Jua kwanza ni ipi kati ya hizo mbili, ndipo ununue spea.

Anza na nje. Kutoona tone hakumaanishi hapavuji. Kuna mpasuko unaovuja gari likiwa la moto na lina presha tu, na maji yakigusa chuma cha moto yanageuka mvuke hapo hapo. Alama hubaki. Asubuhi, injini ikiwa baridi, chukua tochi (kama Noah yako ni ile ambayo injini iko chini ya viti vya mbele, inua kiti) ufuate njia ya maji: maungio ya hosipaipu, ukingo wa rejeta pale plastiki inapokutana na bati, kisha wota pampu. Unatafuta ukoko mweupe, au wa kijani au waridi kama unatumia kulanti (maji ya rangi yenye dawa ya kupoza injini). Wota pampu ina tundu dogo kwa chini, limetobolewa kiwandani makusudi, ili sili ya ndani ikichoka maji yatokee hapo uyaone. Ukikuta michirizi chini ya tundu hilo, pampu imekwisha. Asije mtu akakuzibia tundu kwa gundi, maana maji yatarudi kwenye beringi.

Halafu kuna mfuniko wa rejeta, ambao watu wanaudharau sana. Una springi na mpira, na juu yake huwa umeandikwa 0.9 au 1.1. Hiyo ni presha unayoishikilia, na ndiyo inayofanya maji yachemke karibu na nyuzi 120 badala ya 100. Mpira ukikauka, maji yanakimbilia kwenye kichupa cha akiba na kumwagika nje wakati unapanda mlima wa Newala, kisha njia inakauka kabla hujaegesha. Ni spea ya bei ndogo kuliko karibu zote nilizotaja. Mimi ningeanza nayo, yenye namba ile ile ya zamani.

Nje pakiwa pakavu kabisa, tunaingia ndani. Injini ikiwa baridi, fungua mfuniko, jaza maji, washa, utazame mdomo wa rejeta. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa tu. Yasipokoma, na yakiongezeka ukikanyaga mafuta, hiyo ni gesi ya silinda inayopita kwenye gasketi ya silinda hedi (karatasi ngumu inayoziba kati ya hedi, yaani kichwa cha injini, na bloku iliyo chini yake). Shika pia hosipaipu ya juu asubuhi kabla hujawasha: ikiwa ngumu wakati gari limelala usiku kucha, kuna presha isiyotakiwa. Moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikishapata moto ni dalili nyingine. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti ni dalili mbaya zaidi, na hapo usiwashe tena. Ila ute kidogo chini ya mfuniko wa oili peke yake usikutishe, kwani gari la safari fupi fupi hupata unyevu hapo.

Ikithibitika ni gasketi, usikubali mpya ifungwe kabla hedi haijapimwa kama imepinda. Hedi iliyopinda itaiunguza na hiyo mpya, na utalipa ufundi mara mbili.

Gari yangu inachemsha nikiwa kwenye foleni ya ghala tu. Nikiingia lami na kukimbia, mshale wa joto unashuka wenyewe. – Tandahimba

Nusu ya jibu umejipa mwenyewe. Gari likikimbia, upepo unapoza rejeta. Likisimama, kazi hiyo ni ya feni, na yako haifanyi. Washa AC: kwenye magari mengi feni inapaswa kuanza mara moja. Isipoanza, kagua fyuzi, kisha relei, kisha mota yenyewe. Ikianza kwa AC lakini haianzi injini ikipata moto, mshuku sensa ya joto. Vidole viwe mbali, kwani feni ya umeme inaweza kuanza hata ufunguo ukiwa umezimwa.

Kama ni pikapu au lori ambalo feni yake inazungushwa na mkanda, zima injini ikiwa ya moto uizungushe kwa mkono. Ikiteleza kilaini bila ukinzani wowote, klachi ya feni imechoka.

Kinyume chake, gari linalotulia kwenye foleni lakini linachemsha mlimani au kwenye mwendo mara nyingi lina rejeta iliyoziba: ndani kwa kutu na magadi, au nje kwa vumbi na majani. Ya nje inasafishwa kwa maji yenye nguvu ndogo kutoka upande wa injini kwenda mbele. Presha kubwa inalaza mapezi yake.

Fundi aliing'oa themostati, akasema kwetu joto, haina kazi. Ni kweli? – Nachingwea

Si kweli, ingawa utaukuta ushauri huu kwenye gereji nyingi. Themostati inabaki imefungwa mpaka maji yafike nyuzi 80 na kitu, ndipo inafungua. Bila hiyo, asubuhi injini inachelewa kupata moto, inakula mafuta zaidi na kusagika haraka. Na kwenye baadhi ya injini themostati ndiyo inayofunga njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka bila kupita kwenye rejeta, na gari linachemsha zaidi. Ukitaka kuijua kama ni nzima, itie kwenye sufuria ya maji jikoni uyapashe: ifunguke kabla hayajachemka. Isipofunguka, nunua nyingine.

Tulikwama porini tukaongezea madafu. Kuna madhara? – Kilwa Masoko

Mmetumia vizuri mlichokuwa nacho, ila madafu yana sukari na chumvi, na vyote viwili havitakiwi humo. Mwaga, suuza kwa maji safi mara kadhaa mpaka yatoke meupe, kisha weka kulanti.

Hapa niseme kitu kwa wote wa pwani: maji ya kisima cha chumvi ni adui mkubwa wa rejeta. Chumvi inakula aluminiamu na magadi yanaziba njia. Wa Newala na Tandahimba mnaovuna mvua kwenye mabati mna bahati, kwa sababu maji ya mvua hayana magadi, mradi bati limeshaoshwa na mvua za kwanza. Bora zaidi ni kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa yanayouzwa kwa ajili ya betri. Soma chupa vizuri, maana dukani asidi ya betri huwa imekaa pembeni yake. Kulanti ya kijani na ya waridi usizichanganye, zinaweza kuganda.

Mshale haukupanda kabisa lakini injini ilinoki. Inawezekanaje? – Lindi

Pole sana. Sensa inapima joto la maji yanayoigusa. Maji yakiisha ghafla, mathalani hosipaipu imepasuka, sensa inabaki hewani na mshale unaweza kutulia au hata kushuka wakati chuma kinaungua. Kwa hiyo ukisikia harufu ya kuungua, gari likapoteza nguvu, au mshale ukaanguka bila sababu, simama. Kama gari lako lina hita, ipulize: ikitoa baridi injini ikiwa ya moto, maji hayapo.

Likichemsha katikati ya pori, tuseme Mbwemkuru, nifanye nini kwanza? – Dereva wa Lindi–Dar

Zima AC, fungua hita mpaka mwisho (mtaungua jasho, vumilieni), tafuta pa kusimama salama, zima injini. Fungua boneti, mfuniko usiuguse. Maji yaliyobanwa na presha yakifunguliwa yanaruka usoni. Ngoja nusu saa au zaidi, mpaka hosipaipu ya juu ishikike bila kuunguza. Fungua kwa kitambaa, taratibu. Ongeza maji kidogo kidogo injini ikizunguka. Ukimimina ndoo ya maji baridi kwenye injini ya moto unaweza kupasua hedi au bloku.

Yai au unga wa muhogo kwenye rejeta unaziba tundu? – Ruangwa

Unaziba tundu, pamoja na njia za hita na rejeta. Usitie.

Chini ya upande wa abiria kuna maji nikiwasha AC. – Mtwara mjini

Yakiwa meupe, hayana harufu wala utelezi, ni ya AC, endelea na safari. Yakiteleza, yana rangi, au zulia la ndani limelowa na kioo kinaingia ukungu, ni rejeta ndogo ya hita inavuja. Kagua kwa kidole na pua, usionje: kulanti nyingi ni tamu na ni sumu. Iliyomwagika ioshe kwa maji mengi kabla mbuzi na watoto hawajaifikia.