Kura ya turufu: nani amezuia?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Barazani kwetu Ngamiani, Tanga, tulikuwa tukisikiliza redio, mtangazaji akasema nchi fulani imetumia "kura ya turufu" Umoja wa Mataifa. Mwenzetu akapinga: kwenye karata turufu hushinda, na nchi ile haikushinda kitu, imezuia tu. Je, neno hili ni sahihi?

JIBU: Marahaba. Neno ni sahihi na limeshazoeleka. Sioni haja ya kusema "kura ya veto". Ila mwenzenu ana hoja. Turufu ikiwa kopa, mbili ya kopa hula hata ree ya shupaza. Ndivyo ilivyo kwenye Baraza la Usalama lenye wajumbe 15: azimio hupita kwa kura 9, lakini hata zikipatikana 14, "hapana" moja ya mwanachama wa kudumu inaliua. Kazi yake ni kuua tu. Kwa hiyo anayesema nchi "imetumia kura ya turufu kupitisha azimio" amekosea. Hutumika kuzuia.

Neno hili linapotupotosha ni pengine. Karata zikigawiwa upya turufu hubadilika, na yeyote barazani anaweza kuipata mkononi. Kule New York wanayo Marekani, Urusi, China, Ufaransa na Uingereza, viti vilevile vitano tangu 1945. Na Mkataba wa Umoja wa Mataifa haulitaji kabisa neno veto; kifungu cha 27 kinataka tu kura za wanachama wa kudumu ziafikiane. Maneno laini mno kwa nguvu kubwa namna hiyo!

Linaloniuma zaidi liko kwenye vichwa vyetu vya habari: "Azimio la kusitisha vita Gaza lagonga mwamba." Mwamba gani? Tarehe 8 Desemba 2023 wajumbe 13 waliliunga mkono, Uingereza ikajizuia, Marekani ikapinga. Februari 2022 azimio kuhusu uvamizi wa Ukraine lilipata kura 11, likazuiwa na Urusi, mvamizi mwenyewe. Basi itajeni nchi, iwe ndiyo kiima cha sentensi: "Urusi imezuia azimio kwa kura ya turufu." Watu wanaopigwa mabomu wana haki ya kujua ni nani aliyesema hapana, na mwandishi akimficha mtenda nyuma ya mwamba amempunguzia lawama bila kuulizwa. Tukisimulia ya 1981 hatumung'unyi maneno: Marekani ilimkatalia Mtanzania Salim Ahmed Salim ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, tena si mara moja. Uwazi huohuo wanaustahili wengine.

Jambo dogo la mwisho: asiyeunga mkono wala kupinga "amejizuia kupiga kura", msiseme "hakuhudhuria". Kujizuia hakuhesabiwi kuwa turufu, hata akijizuia mmoja wa wale watano.