Milimita moja iliyoniharibia jibu la grafu

Nikiwa kidato cha pili tulipewa x + y = 5 na 2x − y = 1, tutafute jibu kwa grafu. Nikachora mistari miwili, nikasoma pale ilipokatana: x = 2.25 na y = 2.75. Mwalimu akanikosesha: jibu ni 2 na 3. Niliumia, maana rula yangu ilikuwa mpya na mistari imenyooka.

Kosa lilikuwa kwenye nukta. Kwa mstari wa pili nilifanya kama tulivyozoea: x ikiwa 0, y ni −1, y ikiwa 0, x ni nusu. Kwa kipimo cha sentimita moja kwa namba moja, nukta hizo zimeachana sentimita moja na kitu tu. Penseli yangu butu ikaiweka ya pili kwenye 0.6. Milimita moja! Ila nukta zikibanana hivyo, kadiri unavyourefusha mstari ndivyo unavyozidi kupotea. Ningechukua x = 4, y = 7, milimita ileile isingeonekana kabisa kwenye jibu.

Kwa hiyo vijana ninaowafundisha tuisheni nawasisitizia watawanye nukta, na waweke ya tatu kama shahidi. Ikikataa kukaa kwenye mstari, usiisogeze rula kuibembeleza, rudia hesabu. Halafu jibu lirudishe kwenye milinganyo yote miwili. Lile jibu langu baya linaukubali wa kwanza bila shida, 2.25 na 2.75 ni 5. Wa pili ndio unaoumbua: unatoa 1.75.

Jibu likiwa na sehemu za ajabu, kama 17/13, achana na grafu, tumia njia ya kuondoa, yaani kujumlisha au kutoa milinganyo hadi herufi moja ifutike. Hapo macho hayatoshi.

Lakini kuna mahali grafu haina mpinzani. Juzi kwenye kikao cha harusi tulikuwa na wakodishaji viti wawili. Mmoja shilingi 300 kwa kiti, na usafiri 20,000. Mwingine 500 kwa kiti, analeta bure. Idadi ya wageni ilikuwa vita: wengine 80, wengine 180. Nikaomba karatasi ya grafu kwa mtoto wa mwenye nyumba. Viti kwenye mhimili wa chini, sentimita moja kwa viti 10. Pesa kwenye mhimili wa wima, sentimita moja kwa 5,000. Mistari ikakutana kwenye viti 100, shilingi 50,000.

Mama mweka hazina hakujali nukta ile. Aliweka kidole kushoto kwake, akauliza, "Huku nani nafuu?" Wa 500. Akavuka kulia: wa 300. Swali lote la kikao likawa moja, je, tunavuka 100 au hatuvuki?

Kijana mmoja akaleta wa tatu: 300 kwa kiti, usafiri 25,000. Nikauchora, ukaenda sambamba na ule wa kwanza, juu yake mwanzo hadi mwisho. Hawakutani popote, na yeye ni ghali kuliko yule wa kwanza kwa idadi yoyote utakayotaja. Akafutwa bila mjadala.

Tulimaliza na viti 130, kwa 59,000. Kwa yule mwingine ingekuwa 65,000. Ile 6,000 mama akaiandikia barafu.