Chupa zangu mbili na zile za mezani

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama mtu anayefanya mazoezi anaweza kunywa bia kwa kiasi na bado akadhibiti uzito wake. Swali hilo limenigusa, na nimeona nisilipite kimya. Mimi ni mwalimu wa baiolojia hapa Kigoma, nina umri wa miaka 46, kila Jumamosi alfajiri nakimbia kutoka Mwanga kushuka hadi stesheni ya reli na kupanda tena, na bia ninakunywa. Nimeshika kalamu kuwapinga wanaodai kwamba mambo hayo mawili hayakai nyumba moja, kwa sababu miaka minne iliyopita nilikuwa na kilo 91, leo nina kilo 78, na sikuwahi kuziacha chupa zangu mbili za Jumamosi jioni.

Hesabu yake naijua kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Gramu moja ya wanga au ya protini huupa mwili kalori 4, ya mafuta kalori 9, na ya kileo kalori 7. Chupa ya nusu lita yenye kileo cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za kileo, na ukijumlisha na wanga uliomo unapata kalori 200 hivi. Kwa mtu wa uzito wangu, kutembea kwa mwendo wa haraka kwa saa moja huchoma kalori 300 na kidogo. Kwa hiyo chupa mbili zinalipika, mradi mtu akubali kuzilipa. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mwili hauna ghala la kileo. Ini huanza kukishughulikia chenyewe, na wakati huo uchomaji wa mafuta hupungua, hivyo chakula kilicholiwa sambamba na bia ndicho kinachopata nafasi ya kuwekwa akiba tumboni.

Hata hivyo, neno "kiasi" mmeliweka katika swali kana kwamba kila mnywaji amelishika mkononi mwake. Mimi nililishika mpaka mwaka jana, mdogo wake mume wangu alipotaka kuoa na vikao vya harusi vikaanza, kila Jumapili saa kumi jioni, katika baa moja ya hapa Mwanga.

Wasomaji mnavijua vikao hivyo, kwa hiyo sitaeleza kwa nini hufanyika baa. Nataka kueleza kikao kimoja tu, cha tano. Nilifika nikiwa nimejipangia chupa mbili, na nikawa na desturi yangu ya kutia kila kizibo ndani ya kikoba cha kalamu katika mkoba wangu ili nisipoteze hesabu. Chupa ya kwanza niliinunua mwenyewe. Ya pili ililetwa na mweka hazina, akinishukuru kwa kumaliza ahadi yangu mapema. Ya tatu ilifika bila mimi kuiona, kwa sababu mhudumu wetu alikuwa na mazoea ya kufungua kwanza na kutaja aliyeagiza baadaye, na chupa ikishafunguliwa haina pa kurudi. Niliposema kwamba nimetosheka, shemeji yangu mkubwa, ambaye ndiye mwenyekiti, alisimama akiwa ameishika ya nne na kusema kwa sauti ya upole kabisa, "Shemeji, za wenzangu umezipokea, yangu ndiyo unaikataa?" Meza nzima ilinyamaza. Mume wangu aliangalia daftari la michango. Niliipokea. Baada ya hapo ya tano sikuwa na hoja ya kuikataa, maana nisingeweza kumheshimu shemeji na kumnyima mama mlezi wa bwana harusi.

Wakati wote huo katikati ya meza palikuwa na sinia la migebuka ya kukaanga na ndizi, na sote tulikuwa tunachukua tukiongea. Katika sinia la pamoja hakuna anayejua amekula samaki wangapi, na kileo chenyewe huamsha hamu ya kula. Usiku nilimwaga vile vizibo juu ya meza ya jikoni, vitano, kimoja kikiwa kimekunjika katikati pale kilipobanwa na kifungulio. Kalori 1,000 kabla hata sijafikiria mafuta ya samaki. Saa tisa usiku niliamka kinywa kikiwa kikavu na usingizi haukurudi, jambo ambalo ni la kawaida, kwa sababu kileo humlaza mtu upesi kisha humvurugia nusu ya pili ya usiku. Vikao vilikwenda wiki kumi. Gauni la sare lililoshonwa Julai halikufunga mwezi Septemba, na fundi alilazimika kufumua mishono ya ubavuni. Mizani ilisema nimeongezeka kilo tatu.

Nikiwa bado kwenye kikao hicho hicho, niligundua jambo ambalo linaniuma hadi leo. Kando yangu alikaa mwalimu mwenzangu kutoka Ujiji, Mwislamu, ambaye muda wote alikunywa soda moja na maji, na hakuna hata mtu mmoja aliyemuuliza. (Soda nayo ina sukari yake, lakini hilo ni swali la wiki nyingine.) Anayekataa kabisa huheshimiwa, na anayekunywa bila kuhesabu hupendwa. Anayeishia chupa mbili ndiye huitwa pembeni na kuulizwa kama ana tatizo na familia.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema ndiyo, inawezekana. Sasa naona kwamba ndiyo yangu ni ya mtu anayekunywa nyumbani kwake, chupa aliyoinunua mwenyewe, akiwa ameshakula. Kwa anayekunywa mezani kwa watu, na ndivyo tulivyo wengi wetu, jibu langu ni hapana, ingawa nawajua wachache wenye moyo mgumu kuliko wangu. Na kuna jambo jingine ambalo mwalimu wa baiolojia hapaswi kulificha nyuma ya kilo alizopunguza: Shirika la Afya Duniani lilitamka Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha kileo kilicho salama kwa afya, na kwa sisi wanawake hatari ya saratani ya matiti huongezeka hata kwa kiasi kidogo. Nimelifundisha hilo darasani. Siwezi kumwambia mama yeyote ambaye hanywi kwamba aanze kwa sababu mimi nimepungua, na hata chupa zangu za Jumamosi nimezifanya moja tangu Pasaka, ila siahidi kwamba itabaki hivyo.

Mtoto wa yule shemeji yangu mwenyekiti anaolewa mwaka huu, na kikao cha kwanza ni Jumapili ijayo. Nimekwenda kwake mapema, peke yangu, na kumwomba kwa heshima kwamba mchango wangu nitautoa wote siku hiyo hiyo, lakini chupa yangu nitaifungua mwenyewe. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Tutaona, shemeji."