Kocha aliyeajiriwa kama mwalimu

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi hufundisha raga katika shule moja ya sekondari hapa Nairobi, na malipo yangu ni nauli ya matatu na chakula cha mchana. Rafiki yangu ananiambia kwamba Marekani vyuo vilianza kuwaajiri makocha tangu karne ya 19, na kwamba mmoja wao, Stagg, alifundisha hadi alipokaribia miaka 100. Je, ni kweli? Na alilipwa kwa mtindo gani?
Mkufunzi wa raga, Umoja

JIBU: Ndugu Mkufunzi, rafiki yako hakukudanganya. Amos Alonzo Stagg alizaliwa New Jersey mwaka 1862, akaenda Chuo Kikuu cha Yale akiwa na nia ya kuwa mhubiri, lakini akaiacha njia hiyo alipojiona hana kipawa cha kusema mbele ya watu. Kipawa chake kilikuwa uwanjani. Alicheza futiboli ya Kimarekani, ambayo wewe wa raga utaitambua mara moja kwa umbo la mpira na jinsi watu wanavyoangushana, na mwaka 1889 akatajwa katika kikosi cha kwanza kabisa cha wachezaji bora wa vyuo vya nchi nzima. Inasemekana ndiye aliyebuni zoezi la kumkaba mtu wa bandia, kwa kukunja godoro na kulining'iniza ili wachezaji walirukie.

Mwaka 1890 alihamia chuo cha YMCA kule Springfield, alikofundisha pamoja na James Naismith, mwanzilishi wa mpira wa kikapu. Katika mechi ya kwanza ya hadhara ya mchezo huo, Machi 1892, wanafunzi waliwashinda walimu 5 kwa 1, na hilo moja la walimu lilifungwa na Stagg.

Sasa nije kwenye malipo, maana hapo ndipo penye kiini cha swali lako. Wakati huo timu nyingi za vyuo zilitegemea wachezaji wa zamani waliorudi kusaidia msimu mmoja, kisha wakaenda zao. William Rainey Harper, aliyewahi kumfundisha Stagg kule Yale, alipofungua Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1892 alimpa cheo cha mwalimu wa chuo na kumweka juu ya idara nzima ya mazoezi ya mwili. Kazi ilikuwa ya kudumu, kwa hiyo kushindwa Jumamosi hakukumaanisha kufukuzwa Jumatatu. Kwa maoni yangu, hilo lina uzito kuliko mataji yake 7 ya ligi, kwa sababu bila hilo asingekaa Chicago misimu 41.

Hata hivyo, aliyeajiriwa kama mwalimu hustaafishwa kama mwalimu. Alipofika miaka 70 chuo kilimtaka aondoke uwanjani. Alipewa kazi nyingine, akaikataa, akaenda California kufundisha katika Chuo cha Pacific hadi 1946. Huko, mwaka 1943, makocha wenzake walimchagua kocha bora wa mwaka, naye ana miaka 81. Baadaye alimsaidia mwanawe katika chuo cha Susquehanna, Pennsylvania, kisha akarudi California, katika mji wa Stockton, ambako bado aliwafundisha vijana kuupiga mpira mateke akiwa amepita miaka 90. Alifariki mwaka 1965, akiwa na umri wa miaka 102.