DSLR ya zamani au kamera ndogo ya majini? Jiulize kwanza kama itazama au italowa tu

Mkuu, kwa nilivyokuelewa una bajeti ya kamera moja tu. Upande mmoja kuna DSLR iliyotumika (kamera kubwa ya kubadilishwa lenzi), ya kati ya 2008 na 2012, pamoja na lenzi yake ya 18-55, yaani zumu ya mm 18 hadi 55. Upande wa pili kuna kamera ndogo isiyoingiza maji, na bei zinakaribiana. Unataka kupiga watoto wakiogelea, safari, na shughuli za jioni ndani ya nyumba. Megapikseli weka pembeni: Nikon D90, ambayo ni DSLR, ina 12.3, Olympus TG-6, ambayo ni ya majini, ina 12, kwa hiyo hapo hakuna cha kuamua.

Cha kuamua ni kama kamera itazama au italowa tu. Kulowa kuna dawa. Manyunyu na mchanga unaopeperuka unaweza kuyakinga kwa mfuko wa plastiki uliotobolewa mbele na kubanwa kwa mpira kwenye hudi ya lenzi (kile kikinga jua cha mbele), mkono ukiingilia kwa nyuma. Kuzama hakuna ujanja huo. Kasha gumu la kuzamia na DSLR hutengenezwa kwa modeli moja moja, na mara nyingi bei yake inazidi ya kamera yenyewe. Mifuko laini ya kuzamia ipo, lakini kubonyeza vitufe kupitia plastiki ni kazi, na tundu dogo tu linamaliza kila kitu.

Halafu kuna simu yako. Nchi kavu, mchana, kamera ndogo ya majini haitaishinda kwa mbali simu nzuri ya miaka ya karibuni, kwa sababu kihisi chake, yaani kipande kinachopokea mwanga, ni cha aina ya 1/2.3, yaani takriban mm 6.2 kwa 4.6. Kwa mwenye simu nzuri, kamera ya majini inamwongezea maji, na DSLR inamwongezea lenzi. Mimi huamua kwa mstari huo. Na alama ya IP68 (ya kuzuia vumbi na maji) kwenye simu isikudanganye ukaingia nayo baharini. Kipimo hicho ni cha maji baridi yaliyotulia, si cha chumvi na mawimbi.

Sasa ubora wa picha. Kihisi cha APS-C, ukubwa ulio kwenye DSLR hizi, ni karibu mm 23.6 kwa 15.7 kwa Nikon, na mm 22.3 kwa 14.9 kwa Canon. Kwa eneo ni mara 11 hadi 13 ya kile kidogo. Wengi huishia hapo wakatangaza mshindi, wakasahau lenzi. TG-6 zumu ikiwa haijavutwa inafunguka hadi f/2.0, wakati 18-55 inaanzia f/3.5; namba ya f ikiwa ndogo, mwanga unaoingia ni mwingi. Kwa mwanga uleule na kasi ileile ya shata (pazia linalofungulia mwanga), DSLR ikihitaji ISO 1600 (kiwango cha kukuza mwanga), ile ndogo inatosheka na ISO 500 hivi. Ongeza kwamba kihisi cha 2008 kina chenga (punje punje kwenye picha) nyingi kuliko vya baadaye, na utaona pengo si kubwa kama watu wanavyodhani. DSLR bado inaongoza, ila si kwa mara 13.

Pengo linarudi ukivuta zumu. Mwisho wa zumu TG-6 inabaki na f/4.9 na 18-55 inabaki na f/5.6, karibu sawa, kwa hiyo tofauti ya ukubwa wa kihisi inajionyesha yote. Pengo linakuwa kubwa kabisa ukiweka lenzi isiyo na zumu kama Nikon AF-S DX 35mm f/1.8G. Kwenye sebule yenye taa moja, lenzi hiyo inaingiza mwanga karibu mara nne ya 18-55 iliyo kwenye f/3.5. Ndiyo maana nasema DSLR ya zamani yenye 18-55 peke yake ni nusu ya kamera. Kwenye hesabu zako weka na bei ya lenzi ya f/1.8. Ikiwa bajeti haifiki hapo, shughuli za jioni zitakuangusha. Kwa Canon ya APS-C, 50mm f/1.8 STM ni nzuri kwa sura za watu lakini inabana sana ndani ya nyumba. EF-S 24mm f/2.8 STM inakupa nafasi zaidi, ingawa inafunguka kidogo.

Kuna mtego wa Nikon unaowakamata wengi. D40, D60, D3000, D3100, D3200 na D5000 hazina mota ya fokasi ndani ya bodi. Ukiifunga lenzi iliyoandikwa AF tu, bila S, utazungusha fokasi kwa mkono. D80, D90, D300 na D7000 zina mota hiyo. Kwa Canon EOS mota iko ndani ya lenzi, hivyo tatizo hilo halipo.

Ukienda kukagua DSLR, beba betri iliyojaa, kadi ya kumbukumbu, tochi na rula. Muuzaji akikataa ukaguzi, ondoka.

Anza na idadi ya shata, yaani mara ngapi imepiga picha. Nikon huandika namba hiyo ndani ya faili la picha, na programu ya ExifTool inaisoma. Hakikisha ni picha uliyoipiga hapo hapo. Canon nyingi haziandiki, na mara nyingi utalazimika kuunganisha kamera kwa waya wa USB na kutumia programu maalumu. D90 ilijaribiwa kwa mipigo 100,000, D7000 kwa 150,000. Hiyo si tarehe ya kufa. Zipo zinazokufa mapema na zipo zinazopitiliza mbali, ila namba kubwa ni sababu halali ya kushusha bei. Kisha piga ukuta mweupe wenye mwanga sawia kwa kasi ya shata ya sekunde 1/4000. Ukiona ukanda mweusi upande mmoja, pazia la shata limechoka, na gharama ya kulibadilisha huenda ikakaribia thamani ya kamera nzima.

Weka f/16 au f/22, ISO 100, ondoa fokasi, piga anga jeupe. Madoa laini ya kijivu ni vumbi na yanapulizika kwa pampu ya mpira. Usitumie makopo ya hewa iliyoshindiliwa, kwa sababu hutema kimiminika kwenye kihisi. Doa lenye kingo kali, au mstari mwembamba usioondoka baada ya kupuliza, huenda ni mkwaruzo. Wakati wa kuinua kioo kilicho mbele ya kihisi ili usafishe, betri iwe imejaa. Umeme ukikatika, kioo kinarudi chini huku pampu yako bado iko ndani.

Lenzi itoe, uimulike tochi kwa nyuma na uitazame kwa mbele ukiiinamisha pembe mbalimbali. Chembe chache za vumbi hazina athari. Nyuzi kama za utando wa buibui ni kuvu, na hiyo iache, maana hula tabaka la kioo na haistahili kukaa begi moja na lenzi zako nyingine. Kwa lenzi ya Nikon, sukuma kile kiwiko kidogo cha nyuma kisha ukiachie: majani ya ndani, yale yanayopima mwanga unaoingia, yarudi kwa kishindo. Yakirudi kwa uvivu, yana mafuta, na picha zitatoka na mwanga uliozidi.

Fokasi ndiyo watu huisahau. Laza rula kwa nyuzi 45, fungua lenzi hadi mwisho, tumia nukta ya katikati na upige mara tano ukichungulia kwenye kitundu cha kutazamia. Halafu rudia ukitazama kwa skrini. Ikiwa za skrini ni kali na za kitundu zimeteleza mbele au nyuma kila mara, mfumo wa fokasi umehama. Ikiwa zote ni hafifu, mshukiwa ni lenzi. D7000 na D300 zina menyu ya kurekebisha hilo, D90 haina.

Kwa betri za EN-EL3e, D90 inaonyesha umri wa betri kwenye menyu kuanzia 0 hadi 4; ikifika 4 hesabu bei ya nyingine. D90 haipokei kadi zaidi ya SDHC, yaani GB 32. Canon 40D na 50D, na Nikon D200 na D300, zinatumia kadi za CF (CompactFlash, aina ya zamani): chungulia ndani ya nafasi ya kadi uone kama kuna pini iliyopinda.

Kamera ya majini ni habari nyingine, na hapa nina msimamo mkali: DSLR nunua iliyotumika, ya majini usinunue iliyotumika. Uhai wake unategemea mpira mwembamba wa mlango wa betri, na mpira huzeeka hata kamera ikikaa kabatini. Kamera ikianguka, fremu inaweza kupinda kiasi kisichoonekana kwa macho na mpira ukaacha kukaa sawa, huku nje haina hata mkwaruzo. Namna ya kujua ni kuizamisha, na hiyo si namna nzuri. TG-6 imeandikwa mita 15 na Nikon W300 mita 30, lakini hicho ni kipimo cha kamera mpya, mpira safi, maji yaliyotulia. Kuruka nayo kutoka ubaoni au kuipiga kwa maji ya bomba la kasi ni shinikizo la ghafla ambalo namba hiyo haikulikusudia.

Maji huingia kwa uzembe wa sekunde chache. Fungua mlango mahali pakavu, mikono mikavu. Kagua mpira na pia ule ukingo unaokandamizwa na mpira, kwa sababu unywele mmoja au punje moja ya mchanga ni mfereji tosha. Futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Usipake grisi ya silikoni kama kitabu cha kamera hakijasema. Mipira mingi ya aina hii hufanya kazi mikavu na grisi hukusanya mchanga. Funga, sukuma kufuli zote mbili, kisha izamishe kwenye ndoo ya maji baridi dakika chache ukitazama mapovu kabla hujaipeleka baharini. Ukitoka, usifungue. Iloweke kwenye maji yasiyo na chumvi kwa dakika 10 hivi huku ukibonyeza vitufe ili chumvi itoke chini yake, ikaushe, na ukifungua elekeza mlango chini ili matone yaangukie nje. Mpira ubadilishwe kila mwaka hata kama unaonekana mzima.

Ukungu ndani ya kioo si lazima iwe dalili ya kuvuja. Ukifunga mlango kwenye hewa ya joto yenye unyevu kisha ukazama kwenye maji baridi, unyevu ule ule unageuka ukungu kwenye lenzi. Badilisha betri na kadi chumbani pakavu kabla ya kutoka. Ukiona matone ya kweli, au betri imelowa, toa betri, usiiwashe wala usiichaji.

Chini ya maji, rangi nyekundu hufifia sana ndani ya mita 5 za mwanzo, kwa hiyo tumia modi ya majini au piga RAW (faili ghafi unayoweza kurekebisha rangi baadaye). TG-6 inayo RAW, W300 haina. Vitu huonekana vikubwa kwa theluthi moja hivi na lenzi inaona eneo dogo zaidi, basi sogea karibu, chini ya mita moja ukiweza. Flashi izime maji yakiwa na chembechembe, la sivyo utapata picha ya theluji. Na nunua kamba inayoelea: TG-6 ina gramu 253 na inazama kama jiwe.

Kwa haki yake, kamera ndogo ina mambo mawili ambayo DSLR ya zamani haiyawezi hata nchi kavu. TG-6 inapata fokasi sentimita 1 kutoka kwenye lenzi, wakati 18-55 inataka sentimita 25 au zaidi. Na video: D90 ilikuwa DSLR ya kwanza kurekodi video, lakini ni 720p tu, dakika 5 kwa kipande, bila fokasi ya otomatiki wakati wa kurekodi. Ikiwa nusu ya unachopiga ni video, DSLR ya kabla ya 2012 ni maudhi. Kwa watoto wanaokimbia, mambo yanageuka: fokasi ya DSLR kupitia kitundu ni ya haraka, na chaji moja ya D90 inakadiriwa picha 850 dhidi ya 340 za TG-6.

Kwa matumizi yako, mkuu: kama wewe hubaki ukingoni mwa bwawa, chukua DSLR, badala ya 18-55 pekee tafuta na 55-200 ya Nikon au 55-250 ya Canon, na filta ya polaraiza ya kukata mng'ao wa maji. 18-55 nyingi za Nikon huchukua filta ya mm 52, za Canon mm 58, lakini soma namba iliyo mbele ya lenzi kabla hujalipa. Kama unaingia majini pamoja na watoto, chukua ndogo, mpya, na picha za jioni ziachie simu. Na ukikuta DSLR nzuri lakini 18-55 yake ina kuvu, usiikimbie. Omba bei ya bodi peke yake, kinachobaki ukaongezee kwenye ile 35mm.